Anza na Mzigo: Kwa Wadogo Zangu Mnaoingia Studio ya Makazi ya Safari

Wadogo zangu, poleni na kukesha. Nimekaa tena kwenye krit, kile kikao cha wanafunzi wa usanifu majengo kuonyesha michoro yao na kuulizwa maswali, ya mradi wa makazi ya muda, safari hii upande wa wanaouliza maswali, na yale yale tuliyoyafanya sisi enzi zetu nimeyakuta yamebandikwa upya ukutani. Kuba jeupe juu ya kilima. Watu wawili wamesimama mbele yake mikono mitupu, wanatazama machweo. Mandhari nzima haina njia, haina jiko, haina choo, haina hata ndoo. Ukiuliza kuba hilo limefikaje kule juu, unajibiwa "linahamishika." Linahamishwa na nani? Kwa punda, kwa mashua, kwa bodaboda, kwa kichwa? Hapo mwenye mradi anamgeukia mwenzake wa kundi, na mwenzake anainamia modeli.

Kinachoniuma ni kwamba uwezo mnao. Mikono yenu ni mizuri kuliko yetu, na modeli zenu za kadibodi zimekatwa vizuri mno. Ila mnaanzia mwisho. Mradi huu unaanza na mzigo: nani anabeba, anabeba kilo ngapi, akifika anafungua nini kwanza, na siku ya kuondoka anafungasha nini mwisho. Umbo litajileta lenyewe baada ya hapo. Nimeweka namba ili iwe rahisi kufuata. Mkiona namba moja imekula nafasi ya wenzake, jueni ndiyo yenye uchungu.

1. Isomeni safari kabla ya kuchora nyumba.

Watu wanaohama wana njia kuu tatu za kumaliza suala la nyumba, na kila mradi wenu lazima uchague mojawapo waziwazi.

Njia ya kwanza ni kubeba kila kitu. Wagabra na Warendille wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wanafanya hivyo kwa ngamia. Nyumba ni mali ya mwanamke, yeye ndiye anayeijenga na yeye ndiye anayeibomoa. Fito zile zilizopindwa zinazosimamisha nyumba ndizo hizo hizo zinazofungwa mgongoni mwa ngamia na kuwa kitanda cha mzigo siku ya kuhama, na mikeka iliyokuwa ukuta na paa inatandikwa hapo hapo. Nataka mlifikirie hili polepole. Kiunzi cha nyumba ni chombo cha usafiri. Hakuna kipande kinachopanda ngamia kikiwa abiria tu. Wasomali wafugaji nao wana jamaa yake, aqal, ya fito zilizopindwa na mikeka. Sasa chukueni mradi wenu, mhesabu vipande vyenye kazi moja tu. Kila kimoja ni uzito ambao mtu fulani atautolea jasho.

Njia ya pili ni kuacha kila kitu. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi wanawake wao wanajenga kibanda cha matawi na nyasi kwa muda wa saa chache, na wakihama hakibebwi. Kinabaki, kinanyauka, kinarudi porini. Kiangazi mara nyingi hata kibanda hakijengwi, watu wanalala nje. Mwanafunzi akiniambia makazi yake yanaachwa pale, mimi nauliza yameachwa yakiwa nini: nyasi na vijiti, au plastiki na skrubu?

Njia ya tatu ni kuacha mifupa na kubeba ngozi, na hii ndiyo niliyoiona kwa wavuvi wa dago, yaani kambi ya msimu ya wavuvi, wa pwani yetu. Nguzo na fito zinabaki kisiwani mpaka msimu mwingine, turubai na mikeka inapanda chomboni pamoja na nyavu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye mafunzo mengi kuliko zote kwa studio, kwa sababu inawalazimu mtenganishe kinachodumu na kinachosafiri. Karibu kila mwaka inachaguliwa na watu wachache sana. Wengi wenu mnataka boksi moja linalofunguka lenyewe.

2. Kilo 20.

Mlima Kilimanjaro, kikomo cha mzigo wa kampuni anaobebeshwa mpagazi ni kilo 20, mbali na vitu vyake binafsi. Kichukueni kikomo hicho kiwe sheria ya studio yenu: kipande chochote kinachozidi hapo, kigawanyeni au kitupeni. Wekeni orodha ya uzito kwenye karatasi ya kwanza ya uwasilishaji, kabla ya picha yoyote ya machweo.

Na kama mradi wenu unahusu mlima huo, msimchore mgeni peke yake ndani ya hema. Kwa kila mgeni kuna wapagazi kadhaa, na wao pia wanalala mahali. Pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi kwa kila mtu, aliyelipa na aliyelipwa. Sijaona bado mradi wa mwanafunzi ulioanzia kwa mpagazi. Atakayeuleta nitamsikiliza mpaka kiza kiingie.

3. Vipimo vya dharura vikae kichwani.

Mita za mraba 3.5 za sehemu iliyofunikwa kwa kila mtu, ndicho kiwango cha chini kinachotumika duniani kwenye makazi ya dharura. Eneo zima la kambi, ukijumlisha njia, huduma na bustani ndogo za nyumbani, ni mita za mraba 45 kwa mtu. Kizuizi cha moto ni uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za majengo. Turubai la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni mita 4 kwa 5. Basi, yakariri tuendelee.

Ila vipimo haviwaambii bei ya vitu sokoni, na hapo ndipo kisa cha Rwanda kinapoingia. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi walipewa maturubai, na kwa ajili ya kuyasimamisha wakapewa mabomba ya alumini. Alumini ina bei. Watu wenye njaa waliyauza mabomba, wakaingia msituni kukata miti ya kusimamishia yale maturubai, na msitu ukaumia. Shigeru Ban, msanifu wa Japani, akapendekeza kiunzi cha mabomba ya karatasi ngumu, kitu ambacho hakuna wa kukinunua, na mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vikajengwa kambi ya Byumba. Mnalisoma hili kama hadithi ya karatasi. Mimi nalisoma kama hadithi ya jiko: mama mwenye watoto anaangalia bomba la alumini anaona unga na mafuta ya kula, na yuko sahihi kabisa. Kila nyenzo mnayoichagua, ulizeni mtu mwenye shida kubwa kuliko makazi ataifanyia nini. Wale mnaofanya mradi wenu Kigoma, upande wa Nyarugusu, kambi iliyoanza mwaka 1996, swali hili ni lenu hasa. Kambi iliyozidi miaka 25 bado mnaiandikia "ya muda" kwenye kichwa cha mchoro. Kuna watu wamezaliwa humo, wamekua humo, na wamezaa humo. Fikirieni hilo kabla hamjachora hema.

4. Upepo, bolti na ng'onda.

Hii ndiyo niliyosema ina uchungu. Naiandika yote kwa sababu nimeona makundi mawili mwaka huu yanaelekea shimo hilo hilo.

Tulikuwa mwaka wa nne. Kundi letu lilichagua makazi ya wavuvi wa dago kwenye kisiwa kidogo katika funguvisiwa la Songo Songo, Kilwa. Tulikwenda mwezi wa pili, kaskazi ikivuma vizuri, anga safi. Tukapima, tukapiga picha, tukala nao ugali na pweza. Tukauliza habari za nyavu, habari za barafu, bei ya samaki, wanatoka wapi na wanarudi lini. Upepo tuliupima wenyewe kwa siku tulizokuwa pale, tukauchora kwa mshale mmoja mzuri kutoka kaskazini-mashariki. Mgongo wa kibanda tukauelekeza huko. Mdomo tukaufungua kusini, kwenye mandhari: maji ya kijani, mikoko, vyombo vimelala ufukweni. Picha ile ilikuwa nzuri kweli.

Kwa viungo tulijiona tumevumbua. Tulinunua boriti na pau zilizokuwa zimevunwa kwa kibali, tukatoboa matundu kwenye ncha, tukaunganisha kwa vibapa vya chuma tulivyokatiwa na fundi mjini na bolti za kawaida zisizo na zinki. Tukajipa kauli: mtu mmoja na spana moja. Kibanda kilisimama. Tulikibomoa na kukisimamisha tena mbele ya wazee wa dago, wakapiga makofi. Tukawaachia na spana yake, tukawaambia hiki sasa ni chenu, nasi tukarudi mjini kuwasilisha. Alama zilikuwa nzuri.

Wao waliyachukulia maneno yetu kwa uzito. Wakaamini kwamba kitu kilichotoka chuoni, kilichopimwa na vijana wasomi, kitakuwa imara kuliko vibanda vyao, kwa hiyo wakakipa kazi muhimu kuliko kulala. Wakaweka humo ng'onda. Samaki walioparwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa, wakapangwa juu ya chanja kusubiri chombo cha tajiri aliyewakopesha nyavu na mafuta.

Kisha ikaja tanga mbili, kipindi cha upepo kubadilika, na baada yake kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi inakuja na masika. Mvua ikaingia mdomo wazi, ikapulizwa mpaka ukuta wa nyuma. Wavuvi hawakuzubaa. Walitaka kufanya jambo ambalo wangelifanya kwa kibanda chao chochote: wakigeuze, mgongo uende kusini. Wakaenda na spana yetu. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya maji ya chumvi, hazikufunguka. Wakalazimisha, wakagonga kwa jiwe. Usiku ule upepo ukaingia ndani ya turubai, ukalinyanyua, na nguvu yote ikaenda kwenye matundu yetu. Pau zikapasuka kufuata tundu, moja baada ya nyingine. Ng'onda wakalowa. Siku chache baadaye walikuwa na funza, wakamwagwa baharini.

Nilikuja kuyajua haya niliporudi miezi kadhaa baadaye nikiwa na kamera, nikitaka picha za kibanda "kikitumika." Nahodha wa dago, mzee mtulivu, aliniitikia shikamoo yangu, akanikaribisha kivulini, akanipa maji, ndipo akanisimulia. Hakupandisha sauti. Nilimuuliza mbona hakutuambia mapema kwamba mdomo uko upande mbaya. Akasema, "Mwanangu, mngeuliza tungewaambia. Tulidhani mnajua." Deni la tajiri lilikuwa bado pale pale. Tulichanga kundi zima tukapeleka fedha, lakini msimu ulikuwa umekwisha, na vijana wawili walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi kwenye chombo kingine. Alama yangu chuoni haikupungua hata moja. Nimeishi na hilo, na ndiyo sababu nikiwauliza maswali ya upepo nawauliza kwa ukali.

Sasa somo lenyewe, maana sikuandika haya mnionee huruma. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, kaskazi takribani Desemba mpaka Machi, na kusi kuanzia Aprili kuendelea mpaka karibu Septemba. Kibanda cha msimu mmoja kinaelekezwa. Kibanda cha mwaka mzima lazima kigeuzike, na kigeuzwe na watu wenye mikono iliyolowa, usiku, bila kifaa kinachoweza kupotea mchangani.

Na bolti. Mti wa mviringo haukai sawa juu ya kibapa cha bapa, unagusa kwa mstari mmoja mwembamba. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, bolti inalegea, na ni nani atakuwa anaikaza kila wiki? Tundu linaondoa nyama ya mti mahali pale pale ambapo mzigo unapita. Hayo yote yamo kwenye daftari zetu za mwaka wa pili. Tuliyajibu kwenye mtihani na hatukuyaona kwenye boriti.

Siku ile ile nahodha alinionyesha kibanda walichokijenga kwa miti yetu. Walikuwa wamekata ncha zilizopasuka, wakavifukia vibapa. Nilimwangalia kijana mmoja akifunga pau kwenye nguzo. Alizungusha kamba raundi kadhaa kuibana miti yote miwili, kila raundi ikilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Kisha akaukanyaga mti kwa unyayo, akaivuta kamba kwa uzito wa mwili mzima, ndipo akapitisha raundi za kukata katikati ya miti, zile zinazozikaba za kwanza. Fundo la mwisho lilikuwa dogo tu, la kuzuia ncha. Nguvu ilikuwa kwenye raundi za kukata. Mti mwembamba, mti mnene, mti uliopinda, kamba ilikuwa haijali. Akitaka kugeuza anafungua kwa vidole, na akishindwa anakata kwa kisu, gharama yake ni kipande cha kamba.

Jifunzeni mafundo hayo kabla ya kujifunza programu mpya ya kuchorea. Nasema kwa moyo wote.

5. Mchanga haushiki kigingi; fukieni gunia lililojazwa mchanga na mfunge kamba humo.

6. Makuti yanataka mwinuko wa nyuzi 45 hivi, yakilala maji yanapenya na yanaoza. Msiyaweke kwenye kuba.

7. Ardhi ina kumbukumbu ya maji.

Msichague saiti kwa mandhari peke yake. Ufukweni, tafuteni mstari wa takataka na majani makavu ulioachwa na bamvua, yale maji makuu ya bahari, maana maji kujaa na kupwa huku kwetu hufikia tofauti ya karibu mita 4 nyakati hizo. Kibanda kikae juu ya mstari huo, na mwenyeji ndiye awaambie ni mstari wa bamvua lipi. Bara, tazameni udongo mweusi wa mbuga: kiangazi umepasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unavimba na kunasa magari. Wale mnaochora kambi za kuhama za Serengeti, zinazofuata nyumbu kuanzia Ndutu upande wa kusini takribani Desemba mpaka Machi na kufika kaskazini, karibu na mto Mara, Julai mpaka Oktoba, swali langu litakuwa lori la vifaa linapita wapi, na likishapita nyasi zinachukua muda gani kuinuka. Kambi hizo ni nzuri kuzitazama. Kazi ngumu ya usanifu iko kwenye njia ya lori, kwenye shimo la choo na kwenye maji machafu ya jikoni, na ndiko nitakakoangalia kwanza.

Tembeeni saiti kwa miguu, na mara moja mtembee usiku. Mtagundua mwanamke anayekwenda msalani hapiti kwenye njia mliyoichora.

8. Ulizeni ruhusa.

Serikali ya kijiji kwanza, kikundi cha usimamizi wa ufukwe kama ni pwani, na kibali cha misitu kwa mti wowote wa mikoko hata kama "ni vijiti vichache tu." Na mnapouliza maswali, msiulize mliyoyaandaa tu. Mwisho wa kila mazungumzo ulizeni hivi: tumesahau kuuliza nini? Kisha nyamazeni. Swali hilo moja lingewaokolea wale wazee msimu mzima.

9. Uwasilishaji.

Skeli ya 1:20 inatosha, mkiingiza watu, magodoro, masufuria na mzigo uliofungashwa. Chora mchoro wa siku ya kufika na mchoro wa siku ya kuondoka, na wa kuondoka uwe mkubwa zaidi. Onyesheni moshi unatokea wapi. Andikeni kilo. Picha ya machweo iwekeni mwisho kama mna nafasi.

Krit ijayo sitaki modeli iliyokwisha simamishwa juu ya meza. Ileteni ikiwa imefungashwa, namna ile ile itakavyosafiri. Mtu mmoja wa kundi ataifungua na kuisimamisha mbele yetu, mwingine ataibomoa na kuifungasha tena, na ambaye hakushiriki kuijenga ndiye nitakayemchagua kwa kazi hiyo. Mizani nitaleta mimi. Kamba leteni wenyewe.